Siku Walipomlilia Mke wa Shiferaw

Shiferaw alikuwa mtu mwema kwa watu wote isipokuwa wale waliomzidi, na kwa bahati mbaya mmoja wao alilala naye kitanda kimoja. Mimi ni jirani yao hapa Kebena, ukuta wetu ni mmoja, na kwa miaka miwili nilisoma nao darasa moja la jioni, shahada ya uzamili ya mawasiliano ya kimkakati. Kwa hiyo msidhani nimesimuliwa. Wivu wa Shiferaw niliuona ukianza, nikauona ukinenepa, na nilikuwepo siku ulipotoka hadharani umevaa suti.

Alikuwa afisa habari wa ofisi ya maji tangu nywele zake zikiwa nyingi. Maji yakikatika, yeye ndiye aliyeandika tangazo la kuomba radhi, na kwa jinsi maji yetu yanavyokatika, aliandika sana. Alikuwa na sauti nzuri ya redio na aliijua. Mkewe, Bizunesh, alikuwa karani wa kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kubandika mabango ya chanjo na kuzungumza na akina mama waliochelewa kuja. Shiferaw mwenyewe ndiye aliyeshauri waende wote wawili kusoma. Nadhani alitaka mtu wa kumsikiliza njiani wakati wa kurudi.

Mwalimu wetu, Dokta Asrat, alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti kazi iliyoongoza kabla ya kumtaja mwenyewe. Mara ya kwanza alipofanya hivyo, Shiferaw alijiweka sawa kitini na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejiandaa kusifiwa. Sentensi ya kwanza akajua si yake. Ya pili akajua ni ya nani. Ilikuwa habari ya mama mmoja aliyekataa kumchanja mwanawe kwa sababu mtoto wa kwenye bango alikuwa na mashavu manene mno, akaona hiyo ni dawa ya watoto wa matajiri. Darasa zima lilimgeukia Bizunesh. Shiferaw alipiga makofi kwa vidole viwili.

Tukiwa njiani kurudi alinilalamikia. Kisa kile Bizunesh alikuwa amemsimulia mezani zamani sana, yeye akiwa anatafuta chumvi. Sasa alijiona ameibiwa. Kama alijua kisa kina maana, aliniuliza, kwa nini hakukisema kama kitu chenye maana?

Tangu hapo nyumba ile ilibadilika. Bizunesh akisoma, Shiferaw aliongeza sauti ya redio. Akimwonyesha kazi yake, alimsahihishia mikato na nukta, hoja asiiguse. Mezani, ule mkono uliokuwa ukimlisha mkewe tonge la kwanza la injera, mkate wetu mwembamba, kila jioni, kama mtu anavyomfanyia anayempenda, ukaanza kusahau. Bizunesh alikula mwenyewe na wala hakusema kitu. Kunyamaza kwake ndiko kulikomuudhi zaidi Shiferaw, maana hata katika kununa alikuwa amezidiwa.

Siku moja sikuvumilia, nikamwambia waziwazi kwamba anamwonea wivu mkewe.

"Mimi?" akasema. "Mwanamke niliyemtoa jikoni mwenyewe nikampeleka chuo?"

"Huyohuyo."

Hakuongea nami mpaka ilipofika sikukuu.

Mwaka wa pili Dokta Asrat akaleta habari iliyotia chumvi kwenye kidonda. Idara ingemchukua mmoja wetu kuwa mhadhiri msaidizi, na kitakachoamua ni kazi ya mwisho: wawili wawili tupewe mtaa, tubuni kampeni, tuiendeshe, na tuonyeshe kilichobadilika. Shiferaw alikuwa amechoka kuomba radhi kwa niaba ya mabomba. Nafasi ile aliitaka mpaka usingizi ukamkimbia, na katika darasa zima aliona mtu mmoja tu wa kumzuia. Mimi nikapangwa na Shiferaw, hapahapa Kebena, tuwafanye watu waache kutupa taka mtoni. Bizunesh na mwenzake wakapewa jambo lilelile kule Kolfe.

Mpango wa Shiferaw ulikuwa kuukusanya mtaa wote uani kwake, awahutubie mara moja, basi. Tatizo ni kwamba watu wa Kebena hawaji mikutanoni. Aje diwani, aje padri, watakwambia wanakuja na hutawaona. Jambo moja tu linawatoa wote, mpaka wagonjwa: tarumbeta la chama chetu cha kuzikana. Mzee Dagne akilipuliza alfajiri vichochoroni, hakuna anayebaki kitandani.

Hapo ndipo wazo likamjia. Aliniambia kwa kunong'ona, ukutani, akiangalia nyuma kama mtu anayeficha dhahabu. Nilimkumbusha kwamba tarumbeta ni la msiba, hata mikutano ya chama chenyewe hutangazwa kwa kugonga mageti. Akanijibu kwa maneno ya darasani: chagua njia ambayo hadhira tayari inaiamini. Na kweli ndivyo tulivyofundishwa. Ukimpa mwenye wivu kitabu, atapata ukurasa wa kumuunga mkono.

Bizunesh alilisikia jambo hilo tukiwa tunakunywa kahawa kwao. Aliweka birika la udongo chini, akamtazama mumewe.

"Shife, tarumbeta lile halisemi 'njooni.' Linasema 'mtu amekufa.' Halijui neno lingine."

"Umeona ni wazo zuri, ndiyo maana unalipiga vita," akasema Shiferaw. "Kesho nitalikuta Kolfe."

"Kolfe sina tarumbeta. Nina wanawake wanaokunywa kahawa, na kila kichochoro nimempata mmoja wa kuyaanzisha mazungumzo ya mto kikombe cha tatu kikifika."

Shiferaw alicheka kwa pua. Bizunesh hakubishana naye. Alimwomba tu kwamba, kama ameamua, Mzee Dagne awaeleze watu ni mkutano wa nini. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hilo moja alilikubali, kwa shingo upande.

Mzee Dagne naye alisita. Aliuliza kama mwenyekiti wa chama, Mzee Belachew, ana habari. Shiferaw akamwambia anayo. Habari aliyokuwa nayo Mzee Belachew ni kwamba Shiferaw ameazima hema na mabenchi ya chama kwa shughuli ya nyumbani, kwa kuwa ni majira ya mvua. Ijumaa jioni hema likasimamishwa uani, mabenchi yakapangwa. Mimi nilisaidia kushika kamba, na ninakiri hata mimi niliona hema lile linafanana sana na lilivyokuwa siku zote linaposimama.

Jumamosi Bizunesh aliondoka kwenda Kolfe kabla hakujapambazuka. Shiferaw akanung'unika kwamba ameondoka mapema ili amtangulie. Kisha akaoga, akanyoa ndevu, akavaa suti yake ya pekee iliyo nzuri, ambayo ni nyeusi, akasimama getini kungoja hadhira yake.

Mzee Dagne akapuliza. Kila kona aliita, "Enyi wanachama, tokeni, nyumbani kwa Shiferaw, saa moja!" na baada ya hapo, kama alivyoagizwa, akaeleza habari za mto. Nani wa kusikiliza habari za mto? Kwetu tarumbeta likishataja nyumba, mtu hangoji zaidi. Wanaume walikuwa wanatafuta makoti, wanawake wanageuza shuka zao nyeupe mapindo yaje usoni kwa maombolezo, na vilio vilikuwa vimeshaanza kwenye mageti. Swali lilikuwa moja tu, nani? Shiferaw alionekana jana akipima kamba za hema, mzima wa afya. Watoto walikuwa kwa bibi yao huko Debre Birhan. Na Bizunesh, waliambizana, hajaonekana wiki nzima, na mara ya mwisho alikuwa amekonda. Kukonda kwenyewe kulikuwa kwa masomo, lakini mtaa haukujua hayo.

Walipopinda kona wakakuta hema, mabenchi, na mume amesimama peke yake kwa suti nyeusi. Hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Mzee Belachew ndiye aliyemfikia kwanza, akamkumbatia.

"Mungu akutie nguvu, mwanangu."

"Mzee, hapana, hakuna aliye..."

"Najua. Mwanzoni mtu huona hakuna kitu kilichotokea. Kaa."

Wanaume wawili wakamshika huku na huku, wakamkalisha kwenye benchi la mbele. Kila alipotaka kuinuka walimrudisha chini kwa huruma. Mfiwa haongei kwetu. Kazi ya kuongea ni ya wengine. Mtaalamu wa mawasiliano alikuwa ameita mtaa mzima na mtaa mzima ulikuja, ukamkataza kufungua mdomo. Mimi nilikimbia kwa wanawake pale getini kuwaambia hakuna aliyekufa. Wakanitazama kwa uchungu. Mmoja akanishika shavu na kusema, maskini, na wewe mlikuwa mkisoma pamoja. Nikaenda pembeni nikapiga simu.

"Bizu, rudi upesi. Umekufa."

"Ametumia tarumbeta?" akauliza.

"Na hema. Na suti nyeusi."

"Nakuja," akasema.

Niliporudi ndani ya hema kilio kilikuwa kimeshika mwendo, na nyuma ya nyumba zilikuwa zikichemka ngano na dengu walizokuja nazo wanawake, chakula chetu cha msiba. Mama Zenebech, bibi wa nyumba ya kona ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa amesimama katikati akiongoza maombolezo, anapiga kifua na kumwita Bizunesh kwa jina. Aliuliza ni nani sasa atakayemsomea vidonge vyake, kipi cha asubuhi na kipi cha jioni. Wanawake wakaitikia. Mwingine akaingia katikati, akasema usiku wa uchungu wake wa uzazi ni Bizunesh aliyemshika mkono mpaka hospitali, mvua inanyesha. Mlinzi wa shule, mwanamume mzima, akalia akisema kwamba alipopata kifua kikuu Bizunesh alimfuata mpaka nyumbani kila wiki na hakumwambia mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa na lake. Haya yote Shiferaw hakuyajua. Au labda aliambiwa mezani, akitafuta chumvi.

Nilijisogeza nikakaa nyuma yake. Nilidhani anacheka, au anaona haya, au anatetemeka kwa hofu ya Mzee Belachew atakapojua. Akageuza shingo kidogo.

"Alganesh," akaninong'oneza, "mimi wasingenililia hivi."

"Shiferaw, mkeo yuko hai."

"Najua yuko hai. Nakwambia tu. Wasingenililia hivi."

Nilimtazama uso wake na nikaona hatanii. Mwanamume yule alikuwa anaonea wivu msiba. Nilitaka kumpiga kofi, na wakati huohuo nilimhurumia.

Teksi ikasimama nje. Mtu wa kwanza kumwona Bizunesh akishuka alipiga yowe, wa pili akakaa chini palepale matopeni. Yeye alipita katikati yao taratibu, hakuinua mikono wala kupaza sauti, akaenda moja kwa moja kwa Mama Zenebech aliyekuwa bado analia, akamshika viganja.

"Niguse, mama. Mkono una joto."

Bibi akaupapasa mkono, akaupapasa uso. Kisha akamzaba kofi dogo begani, akamkumbatia, akasema kilio chake hakirudishi, Bizunesh atakuja kukikuta mbele siku yake ikifika. Watu wakaanza kucheka na kulia pamoja. Lakini Mzee Belachew hakucheka. Aliinuka na fimbo yake, akauliza ni nani aliyechezea tarumbeta la wafu. Hema lote likamgeukia Shiferaw. Waliokuwa wamemshika wakamwachia.

Bizunesh akawahi.

"Baba, nyumba yetu imekosa," akasema. "Simtaji mtu, ni nyumba nzima. Mmetoka vitandani kwa ajili yangu na nina deni lenu. Ngano na dengu mlizokuja nazo zimeshachemka, kaeni mle. Siku nikifa kweli sitaweza kuwakaribisha."

Mzee Belachew alijitahidi kubaki na hasira, ikamshinda. Akakaa. Wengine wakakaa. Mabakuli yakaanza kupita mkono kwa mkono. Na watu walipokuwa wanatafuna, Bizunesh akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mume wake ana neno kuhusu mto wetu, na kwamba alifanya upuuzi huu wote kwa kuogopa hawatakuja. Akamnyooshea mkono asimame.

Shiferaw akasimama. Aliongea vizuri, sitamnyima haki yake. Sauti ilikuwa ileile ya redio na maneno yalipangika. Ila wakati wote anaongea watu walikuwa wanamtazama Bizunesh, kama vile wanaogopa akiachwa bila kutazamwa atakufa tena. Walipoulizwa kama watakuja mtoni, waliitikia wakimwangalia yeye. Shiferaw aliona. Baadaye aliniambia kwamba hata nafasi ya kusema uani kwake mwenyewe alipewa na mkewe, kama sadaka.

Wiki iliyofuata Kebena yote ilikuwa kwenye ukingo wa mto na majembe na magunia. Chama kilimwadhibu Shiferaw abebe mabenchi katika kila msiba mpaka mwaka uishe, na alibeba.

Siku ya kuwasilisha, Dokta Asrat alikuwa na picha zetu za mto, kabla na baada. Alisema tangu aanze kufundisha hajaona wanafunzi wawili wakiutoa mtaa mzima nje kwa siku moja. Kolfe, wanawake walikuwa bado wanakunywa kahawa. Taka zilipungua, lakini pole pole, na picha za pole pole hazipendezi ukutani. Kila mtu darasani alijua nafasi inaelekea wapi. Dokta akamwomba Shiferaw aeleze mkakati wake.

Nilikuwa nimesoma ripoti yake. Ilieleza kwamba tulitumia njia inayoaminika na jamii, kisha tukawapa watu ujumbe wakiwa wameshakusanyika. Neno kwa neno, hakukuwa na uongo. Angeisoma hivyohivyo, angekuwa mhadhiri. Bizunesh alikaa safu ya mbele akitazama mikono yake, na wote tunaomjua tulijua kwamba hatasema kitu, leo wala kesho.

Shiferaw alisimama. Aliitazama ripoti, akamtazama mkewe, akaifunga.

"Dokta, ujumbe wangu ulikuwa taka," akasema. "Hadhira ilisikia mke wangu amekufa. Nilikalishwa kwenye benchi sina la kusema, wakamlilia, na mimi nikawa ninamwonea wivu kwa jinsi anavyoliliwa. Aliyewatuliza ni yeye. Aliyewafanya waende mtoni ni yeye. Mimi nilipuliza tarumbeta tu."

Darasa lilicheka mpaka likagonga meza. Dokta Asrat alivua miwani akafuta macho. Bizunesh hakucheka.

Nafasi ilienda kwa Bizunesh, na ilistahili kwenda kwake. Tulipotoka nilimwambia Shiferaw kwamba siku ile alikuwa mwanamume. Nilidhani nampa zawadi. Akanijibu kwamba kama angenyamaza, Bizunesh naye angenyamaza, na angemsamehe, na wema wote ungebaki upande wake. "Na mimi nilitaka kidogo," akasema. Kwa hiyo hata ukweli wake aliusema kwa wivu. Sijui tumwite mtu wa namna gani.

Barua ya chuo ilipokuja niliitwa kunywa kahawa. Shiferaw mwenyewe ndiye aliyenunua mkate mkubwa, na ndiye aliyewapigia ndugu simu kuwatangazia, kwa sauti yake nzuri. Aliposhusha simu, Bizunesh alikuwa anapepea makaa. Hakuinua macho.

"Shife, ulisema mbele ya watu kwamba ulinionea wivu."

"Nilisema."

"Je, ningekuwa nimekufa kweli?"

Lilikuwa swali jepesi. Mimi nilijifanya naangalia vikombe. Bizunesh alingoja, akaendelea kupepea.

"Ningelia," akasema Shiferaw mwishowe. "Ningelia sana."

Bizunesh akamjazia kikombe, akatia sukari, akampa kwa mikono miwili.

"Ungelia," akasema. "Baada ya kuhesabu waliokuja."